Wish 1ZZ inalia asubuhi, nimebadilisha belti na kelele imerudi. Tenshena (kidude cha kukazia belti) orijino niifuate Nairobi au Kariakoo inatosha?

#1 Wish ya Njiro (Arusha)
Habari zenu wakuu. Gari ni Toyota Wish ZNE10 ya 2005, injini 1ZZ-FE. Asubuhi nikiwasha inalia kwiiii, kisha inanyamaza. Nikiwasha AC inaanza tena, na mvua ikinyesha ndiyo usiseme. Nilibadilisha feni belti, ikatulia wiki kadhaa. Sasa mlio umerudi, na umeongezeka mwingine wa kugonga-gonga upande wa dereva wa injini.

Fundi mmoja anasema tenshena imekufa. Mwingine anasema belti niliyofunga ni feki, tenshena haina shida. Dukani nimeonyeshwa tenshena za bei tatu tofauti, na maboksi yote yana jina lile lile. Muuzaji mwenyewe akaniambia nikitaka ya uhakika niende Nairobi.

Msimamo wangu, nikosoeni: spea za Nairobi ni orijino kuliko zetu, na kwa kuwa tuko Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, nikivuka mpaka wa Namanga na tenshena moja mkononi sidaiwi hata senti.

#2 Beringi 6203 (Mwanza)
Mkuu, hayo ni maswali mawili. Anza na mlio kabla hujafikiria mpaka.

Jaza maji kwenye chupa ya kunyunyizia. Injini ikiwa inalia, nyunyizia kidogo upande wa belti wenye mifereji. Mlio ukipotea kwa muda mfupi kisha ukarudi, puli (magurudumu ambayo belti inapitia) haziko kwenye mstari mmoja. Ukizidi, belti inateleza, yaani mkazo hautoshi. Mikono, shanga na mikono mirefu ya shati iwe mbali.

#3 Mama Raum
Mimi niliambiwa nipitishe kipande cha sabuni kwenye belti ikiwa inazunguka. Ilinyamaza kweli.

#4 Fundi wa Unga Limited
Mama Raum, kwanza usirudie kuweka mkono pale injini ikiwaka, watu wamepoteza vidole. Pili, sabuni inanyamazisha mlio lakini haiongezi mkazo. Ikikauka inaacha utando kwenye mifereji, vumbi linashika, na belti inateleza zaidi ya mwanzo. Belti iliyolowa oili au maji ya stelingi itolewe kabisa, isioshwe kwa petroli na kurudishwa. Na ziba kwanza panapovuja, la sivyo mpya nayo itakufa hivyo hivyo.

#5 Kijana wa Tegeta
Mkuu malizia na taimingi belti, ile ya ndani inayopanga valvu na pistoni, hapo hapo. Ikikatika valvu zinagonga pistoni, unanunua injini nzima.

#6 Mkonga HZJ
Kijana, 1ZZ inatumia cheni badala ya hiyo belti. Hakuna taimingi belti ya kubadilisha pale. Injini nyingine za Toyota: 1NZ cheni, 1AZ cheni, 2TR cheni. Zenye belti ni 5A, 7A, 3S, 1G, 1JZ, na upande wa dizeli 1HZ, 5L, 1KZ, 1KD. Na si zote zinapinda valvu. 3S-FE ikikata belti injini inazima tu, unafunga nyingine unaendelea na safari. 1HZ ikikata, andaa hela.

#7 Kijana wa Tegeta
Sawa mzee wa mkonga, nimekusoma. Subaru je?

#8 Forester ya Nakuru
Subaru za injini ya EJ20 ni belti, na usicheze nayo. Ile belti moja inazungusha hata wotapampu, na njiani inapita kwenye puli kadhaa za kuiongoza pamoja na tenshena yake. Mimi makanika alinibadilishia belti peke yake, akaacha puli za zamani kwa sababu "bado zinazunguka". Puli moja ikajam nikiwa Gilgil, belti ikaruka meno, valvu zikapinda. Tangu hapo naamini hivi: ukifungua kava la mbele la EJ20, unafunga seti nzima, belti, tenshena, puli zote na wotapampu. Pesa unayookoa kwa kuacha puli moja inaliwa na tow truki.

Zile Forester zilizokuja na FB20 ni cheni, wenye nazo wapumue.

#9 Fundi wa Unga Limited
Turudi kwenye Wish. Tenshena ya 1ZZ si kama zile za springi ya kuzunguka. Ina mkono wenye puli, na huo mkono unashikiliwa na kishokapu kidogo chenye oili ndani. Oili ikivuja, mkono unaanza kucheza mbele nyuma, na hiyo ndiyo kugonga-gonga uliyoandika. Washa gari, mulika tochi kutokea juu, tazama mkono. Ukitulia au ukatikisika kidogo tu, ni mzima. Ukipiga kwa kasi hadi puli inaonekana kama mbili, kishokapu kimekwisha. Angalia na mwili wake: vumbi lililoganda likawa tope jeusi ni dalili ya oili iliyotoka.

Sasa kwa nini mafundi wengi wanaikwepa na kukuambia ni belti? Tenshena hii inashikiliwa na bolti ndefu. Ukiilegeza inatoka nusu, inagota kwenye bodi. Haitoki mpaka uishike injini kwa jeki na ubao chini ya sampo (bakuli la oili), ufungue mauntingi (kishikilia injini) ya kulia, uisogeze injini juu au chini ipate nafasi. Belti yenyewe ni kazi ya dakika chache, unavuta tenshena kwa spana 19 na kuivua. Lakini tenshena inakula nusu siku, na mteja hataki kulipia nusu siku kwa "kidude cha kukazia belti".

Kuna wanaoikata bolti kwa msumeno na kurudisha nyingine imegeuzwa, ili siku nyingine itoke kirahisi. Nimeona gari zilizofanyiwa hivyo zikatembea muda mrefu. Mimi siifanyi kwa gari la mteja bila kumwambia, kwa sababu wengi wanaweka bolti ya kuokota isiyo na ugumu ule.

#10 Umeme wa Magari (Dodoma)
Nampinga Fundi kwa heshima. Someni dalili: asubuhi, AC, mvua. Usiku kucha betri imekaa, starta imeinyonya, na ukiwasha tu alternata inabeba mzigo mkubwa kuirudishia chaji. Hapo ndipo belti inalia. Betri ikishiba, mzigo unapungua, mlio unakata. Mkuu wa Njiro, betri yako ina umri gani? Nimewahi kupata gari lililobadilishiwa belti na tenshena, mlio ukabaki, tukaweka betri mpya ukaisha.

#11 Fundi wa Unga Limited
Betri mbovu inaongeza mzigo, sikatai. Lakini belti nzima yenye mkazo sahihi inaubeba huo mzigo bila kulia. Na betri haigongi-gongi.

#12 Puli ya Kranki
Wote mmeiruka ya chini. Puli ya kranki, ile ya chini inayoizungusha belti, ina vyuma viwili, cha ndani na cha nje, katikati kuna raba ya kumeza mtetemo. Raba ikizeeka inaachia, chuma cha nje kinatembea kidogo kidogo. Belti inakuwa haiko kwenye mstari, inalia, na inakula pembeni. Chora mstari wa chaki kuanzia kitovu hadi ukingo, endesha siku mbili, angalia. Mstari ukikatika ukawa haukutani, puli imekwisha. Unaweza kufunga tenshena ya Japani yenyewe na isisaidie kitu.

#13 Wish ya Njiro
Asanteni sana. Kesho asubuhi nafanya ya maji, tochi na chaki. Nirudi kwenye swali la pili basi, maana muuzaji ananisubiri.

#14 Njoro wa Kirinyaga Road (Nairobi)
Mimi nauza spea hapa Nairobi, karibu na Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan. Ningefurahi uje ununue kwangu, lakini nikuambie ukweli: kuvuka mpaka hakufanyi spea iwe orijino. Kontena moja linashuka Mombasa, lingine Dar, na mengi yamepakiwa Dubai au China. Feki ziko huku pia, na sheria ya kupambana na bidhaa bandia tunayo tangu 2008.

Tofauti iko kwenye umri wa magari. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Wish za ZNE10 zilikoma kutengenezwa 2009, kwa hiyo zilizoko huku ni zile zinazozeeka nasi, hakuna mpya zinazoongezeka. Tanzania mnaingiza hata la miaka 18 mradi ulipe ushuru wa uchakavu. Ndiyo maana spea za gari la 2005 zinazunguka haraka kwenu, na duka lenye mzunguko halikai na raba iliyolala rafuni miaka. Ukiwa na Axela au Note ya karibuni, hapo ndipo safari ya Nairobi ina maana.

#15 Gerezani Asilia (Dar es Salaam)
Leo Mkenya kasema haki, tuiweke kwenye kumbukumbu.

Mkuu wa Njiro, kosa linalofanyika Kariakoo kila siku ni kununua kwa jina la gari. Unafika unasema "nipe tenshena ya Wish", unapewa kinachofanana. Wish kuna ya 1ZZ na kuna ya 1AZ, hizo ni injini mbili tofauti kabisa. Nenda na namba ya chesisi kutoka kwenye kile kibati, muuzaji aliye makini ataiingiza kwenye programu ya Toyota na kukusomea namba ya spea. Kisha jifunze tarakimu tano za mwanzo, ndizo zinazokuambia ni kitu gani: 16620 ni tenshena kamili, 16603 ni puli ya kuongozea, 90916 utaiona kwenye belti za nje, 13568 ni taimingi belti. Tarakimu tano zinazofuata ndizo za injini yako. Ukitajiwa tenshena yenye mwanzo mwingine, uliza kwa nini.

Kwenye belti yenyewe utasoma kitu kama 6PK1230. Mifereji 6, umbo la PK, urefu milimita 1230. Ukipewa ndefu kwa milimita 20, itafunga vizuri tu, ila tenshena itakuwa imefika mwisho wa mkono wake na haina pa kukazia tena. Belti inalia na watu wanasema feki, kumbe ni halali kabisa, ya gari lingine.

#16 Mama Raum
Hiyo ya urefu sijawahi kuambiwa na fundi yeyote. Sasa Raum yangu ya 1NZ nayo ina tenshena?

#17 Beringi 6203 (Mwanza)
1NZ haina ya kujikaza yenyewe. Unalegeza alternata, unaivuta, unakaza. Uzuri wake hakuna tenshena ya kufa. Ubaya wake fundi akitaka kuzima mlio anaikaza mpaka mwisho, na miezi michache baadaye beringi ya alternata au ya wotapampu inaanza kulia. Mlio wa belti umegeuka kuwa mlio wa hela.

#18 Wakala wa Namanga
Naona hakuna aliyejibu lile la ushuru, na ndilo lenye makosa zaidi kwenye #1.

Msamaha wa ushuru ndani ya Jumuiya ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi wanachama, zenye cheti cha asili. Ule utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, wa mzigo usiozidi dola 2,000, nao ni wa bidhaa za humu humu: mahindi, sabuni, vikapu, na kadhalika. Tenshena iliyotengenezwa Japani haiwi ya Kenya kwa sababu imelala kwenye duka la Nairobi. Ikivuka, ni bidhaa ya kigeni inayoingia Tanzania. Ushuru unahusika, na VAT ya Tanzania ya asilimia 18 inahusika, hata kama muuzaji wa Nairobi alishalipa za kwao.

Watu wanachanganya kwa sababu kituo cha pamoja cha Namanga kimerahisisha mambo. Tangu kilipozinduliwa rasmi 2018 unagonga muhuri wa nchi zote mbili ndani ya jengo moja. Kilichopungua ni foleni, kodi iko pale pale.

#19 Wish ya Njiro
Mkuu Wakala, jirani yangu huleta vitu kila mwezi na hajawahi kulipa.

#20 Wakala wa Namanga
Huenda anapita kwa kifungu cha abiria. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya 2004 iliweka msamaha wa mizigo ya msafiri hadi dola 500, kwa masharti: uwe umekaa nje ya nchi zaidi ya saa 24, mzigo uwe nao mwenyewe, na uutaje kwa ofisa. Ukienda Nairobi asubuhi ukarudi jioni, umeshaanguka sharti la kwanza. Kiwango hubadilishwa kwa matangazo, hivyo muulize ofisa siku hiyo. Kitu cha kuepuka ni kumpa dereva wa basi akuletee. Hapo si mzigo wa abiria tena, ni bidhaa isiyo na mwenyewe, na ikikamatwa huna risiti wala sauti.

#21 Nipo Njiani (Moshi)
Mimi niliagiza puli na belti kwa njia hiyo ya basi, kupitia Holili. Belti ikafika, puli haikufika. Dereva akasema alipewa bahasha moja, muuzaji akasema alitoa mbili. Sikuwa na karatasi yoyote ya kumbana hata mmoja wao. Sasa nanunua Moshi mjini, bei juu kidogo, lakini ikifeli najua mlango wa kwenda kugonga.

#22 Kisekka Boy (Kampala)
Jamani Kampala nasi tupo. Soko la Kisekka unapata tenshena za mtumba zilizotolewa kwenye injini za Japani, chuma chenyewe cha kiwandani. Nyingi ni nzuri kuliko mpya za bei ya chini. Unaibonyeza kwa mkono, ukiona ngumu na hairudi ghafla, unachukua.

#23 Fundi wa Unga Limited
Kwa tenshena ya springi nakubali kwa shingo upande. Kwa ya oili kama ya 1ZZ, hapana. Injini hizo zimekaa kwenye makontena, zimelazwa upande, na huwezi kujua zilitembea kilomita ngapi. Unanunua umri wa mtu mwingine, halafu unalipa tena nusu siku ya kushusha mauntingi.

#24 Kisekka Boy (Kampala)
Mzee, orijino mpya ni hela ya watu wangapi? Wengi wetu tunachagua kati ya mtumba wa Japani na mpya isiyojulikana. Mimi nachagua mtumba.

#25 Abu Maskati
Asalaam alaikum. Niko Maskati, ndugu zangu wa Dar na Unguja huniagiza spea mara kwa mara, nizinunue Wadi Kabir. Nasaha mbili. Magari ya huku ni ya usukani wa kushoto na yametengenezwa kwa soko la Ghuba. Corolla zetu za zamani zina 1ZZ hiyo hiyo, lakini usidhani kila kilichofungwa nje ya injini kinalingana. Mpangilio wa pampu ya stelingi na kompresa ukitofautiana, urefu wa belti nao unatofautiana. Nitumie namba, usinitumie jina la gari. Pili, raba haipendi joto. Belti iliyokaa ghala lisilo na kiyoyozi majira ya joto ya Ghuba imezeeka kabla hujaifunga. Soma alama ya tarehe mgongoni mwa belti.

#26 Lushi ya Katanga (Lubumbashi)
Jambo wandugu. Nyinyi munalia na Namanga, sisi mpaka ni miwili. Spea yetu inatoka Dar, inapita Tunduma na Nakonde, inakata Zambia yote mpaka Kasumbalesa. Kongo iliingia Jumuiya 2022, lakini Zambia haiko ndani, basi hiyo ujumuiya inakatika katikati ya barabara. Na huku ukikosea namba, kurudisha ni ndoto. Ndiyo maana fundi wa huku hafungui gari mpaka spea iko mezani, na anaipima na ya zamani ubavu kwa ubavu.

#27 Gerezani Asilia
Hiyo ya kupima ubavu kwa ubavu ifanyike hata Kariakoo, kaka.

#28 Beringi 6203 (Mwanza)
Naomba niseme jambo ambalo wauza spea hawatalipenda. Puli nyingi za tenshena ndani yake kuna beringi ya kawaida tu, mara nyingi 6203: tundu milimita 17, nje 40, unene 12. Kama mkono wa tenshena ni mzima na kinacholia ni beringi, bonyeza ya zamani itoke, weka mpya yenye vifuniko vya raba pande zote mbili, ya kampuni inayoeleweka kama NSK, NTN au Koyo. Kwa nini ununue tenshena nzima?

#29 Puli ya Kranki
Kwa sababu beringi ya 6203 unayouziwa duka la mashine za kusaga si lazima iwe na girisi na vifuniko vya kuhimili joto la injini. Na puli ile ni ndogo kuliko ya kranki. Ikiwa nusu ya kipenyo, kranki ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, yenyewe inazunguka 6,000, mchana kutwa, kando ya injini ya moto na vumbi la Dodoma.

#30 Beringi 6203 (Mwanza)
6,000 kwa 6203 ni kazi nyepesi, inavumilia zaidi ya hapo. Joto ndiyo hoja, nakubali. Basi nunua yenye nafasi ya C3 (iliyo pana kidogo ndani ya beringi) na raba ya joto kali, bado ni sehemu ndogo ya bei ya tenshena. Mimi ninazo gari za wateja zinazotembea Mwanza hadi Sirari kwa beringi hizo.

#31 Mkonga HZJ
Mnaongelea kelele za Wish wakati wenzenu wa utalii wanaua injini. Land Cruiser za 1HZ zinawasha taa ya T-BELT (ya taimingi belti) kila kilomita 100,000. Dereva anaiona, anamwambia bosi, bosi anasema zima taa tumalize msimu. Taa inazimwa nyuma ya dashibodi, belti inabaki ile ile. Halafu lile vumbi la Ngorongoro kwenda Serengeti linaingia penye kava lililopasuka. Ikikatika porini na wageni ndani, hakuna cha Nairobi wala Kariakoo.

Na kwenye 1HZ zile feni belti mbili za alternata zibadilishwe zote kwa pamoja. Ukiweka mpya moja na ya zamani moja, mpya inabeba mzigo peke yake.

#32 Kijana wa Tegeta
Mzee, ukinunua gari la mtumba kutoka Japani utajuaje belti ilibadilishwa lini?

#33 Mkonga HZJ
Fungua boneti utafute stika. Gereji za Japani hubandika stika yenye kilomita na tarehe. Mwaka wao wa Heisei (wanahesabu kwa enzi za wafalme) jumlisha 1988: ukiona 17 ni 2005. Ya Reiwa jumlisha 2018. Usipoikuta stika, hesabu haijabadilishwa.

#34 Forester ya Nakuru
Hii ya Heisei imenifaa sana. Kumbe ile 24 kwenye gari langu ni 2012.

#35 Wish ya Njiro
Wakuu nimerudi na majibu. Maji: mlio ulikata kama nukta kadhaa, kisha ukarudi ule ule. Tochi: mkono wa tenshena unapiga kwa kasi, na kuna tope jeusi kwenye kishokapu. Chaki: mstari wa puli ya kranki haujakatika mpaka sasa. Betri nimeipima kwa fundi umeme, anasema inashika chaji lakini si nzima sana. Belti niliyofunga nimeisoma namba, na Gerezani Asilia alinisaidia faragha kuilinganisha na chesisi: ni ndefu kidogo kuliko inayotakiwa.

#36 Puli ya Kranki
Maji yamekata mlio, basi ni mstari. Endelea na chaki wiki nzima, raba inaweza kuachia ikiwa moto tu.

#37 Fundi wa Unga Limited
Mkono unaopiga na beringi iliyolegea unaipindisha puli, na hapo mstari unapotea. Ni tenshena.

#38 Umeme wa Magari (Dodoma)
"Si nzima sana" ni mbovu. Badilisha betri.

#39 Gerezani Asilia
Na belti ndefu hamjaiona? Tenshena inafanya kazi mwisho wa mkono wake, lazima ipige. Anza na belti ya urefu sahihi, ndiyo ya bei ndogo kuliko zote.

#40 Wish ya Njiro
Nimeamua tenshena na belti vyote pamoja, maana mauntingi sitaki ishushwe mara mbili. Natafuta Arusha au Dar kwa namba ya 16620 niliyopewa, Nairobi nimeiacha. Fundi wa Unga Limited, nakuja kwako Jumamosi, tafadhali niachie nafasi.

#41 Fundi wa Unga Limited
Karibu. Njoo asubuhi injini ikiwa baridi, na ulete ile bolti ndefu mpya kabisa. Ya sasa ikiwa imeshika kutu tutaihitaji.

#42 Mama Raum
Akimaliza aseme kama kelele imekwisha, maana dada yangu ana Premio ya 1ZZ inalia vile vile na ameshaambiwa anunue alternata.